Damu ya Mama na Yangu

Mama yangu alikuja Kericho kuthibitisha kwamba mimi siumwi.

Hakusema hivyo mbele za watu. Kwa watu alisema anamsindikiza binti yake hospitalini, na wanawake wa kanisa letu pale Boito wakatufungia mandazi ya njiani, wakatuombea tukiwa tumesimama kwenye matope. Lakini mimi ninamjua mama. Alipovaa ile sweta yake ya kijani ya kwendea harusi za watu, na akafunga kitambaa kichwani kwa mafundo mawili, nilijua huyu anakwenda kushindana.

Ugomvi wetu ulikuwa wa zamani. Tangu nilipovunja ungo, kila mwezi nilikuwa nakunjika, natapika, nalala chini ya kitanda cha bweni kwa sababu sakafu ilikuwa baridi na baridi ilinisaidia kidogo. Kliniki moja ilinitibu taifodi. Nyingine ikasema vidonda vya tumbo, nyingine amiba. Nimemeza dawa za taifodi nyingi mno. Nadhani taifodi yenyewe ikinikuta njiani itanipisha. Muuguzi mmoja, Mungu amsamehe maana mimi bado, aliniambia nitapona nikizaa.

Na nyumbani kulikuwa na mama. "Ni kawaida, Chepchirchir. Jikaze." Neno hilo, jikaze, nililisikia kwetu kuliko nilivyosikia jina langu. Lazima ujue kwamba kwetu mwanamke akipiga kelele akizaa, habari zinafika Bomet kabla ya mtoto. Mama, Edinah wa Hezekiah, alinizaa kimya, na jambo hilo wanawake wa Boito bado wanalitaja kwa heshima. Mimi nilikuwa aibu yake ndogo: binti aliyelia.

Kisha mwaka huu nilianguka mbele ya watoto wangu wa gredi ya pili, katikati ya somo la kujumlisha. Nilipozinduka, mmoja alikuwa ananipepea kwa kitabu na wengine wanalia. Baada ya hapo nilifika kwa Daktari Gichana, na kwa mara ya kwanza mtu aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Alisema huenda ni endometriosis: nyama kama ile inayotanda ndani ya mfuko wa uzazi inaota mahali pengine tumboni, na kila mwezi inavimba na kuvuja damu isiyo na njia ya kutokea. Picha ya tumbo haikuwa imeonyesha kitu, akasema hilo si ajabu, ugonjwa huu hujificha. Ili kuwa na uhakika angetoboa tundu dogo karibu na kitovu, aingize kamera, aangalie.

"Upasuliwe?" mama aliuliza nilipomweleza. "Mwanamke gani anapasuliwa kwa sababu ya kuwa mwanamke?"

Mimi ni mtu mzima, ninaweza kujitilia sahihi. Kitu nilichotaka hakikuwa ruhusa. Sikutaka kuingia chumba cha upasuaji huku mama yangu amesimama nje ya mlango, akiamini kwamba ninadeka. Hilo tu. Nilikuwa nimelitaka tangu nikiwa msichana, na kesho yake nilikuwa napasuliwa.

Tulipofika, tulipelekwa kwanza kwa sista Beldina. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, kidogo, kina friji kubwa linalonguruma na mashine ya kuzungusha damu. Beldina alikuwa mwanamke mnene wa vicheko vingi, Mjaluo aliyezaliwa papa hapa Kericho, kwenye laini za wafanyakazi wa kampuni moja ya chai ambako baba yake alikuwa fundi wa kiwanda. Alitueleza kazi yao. Walikuwa wanakusanya damu ya wanawake wanaokwenda kuangaliwa kwa kamera, kabla hawajaguswa. Kisha wanangoja daktari aseme alichokiona, na wanarudi kwenye damu kutafuta alama: kitu kinachopanda au kushuka kwa wale wenye ugonjwa na si kwa wengine.

"Tukiipata hiyo alama," alisema, faili langu mkononi, "msichana wa Boito atatolewa damu mkononi, basi. Hatangoja mpaka aanguke mbele ya watoto."

"Na hamjaipata?" niliuliza.

"Bado. Kuna zingine zinatudanganya. Zinapanda kwa huyu, kwa yule zinakataa, ama zinapanda kwa sababu ya kitu kingine kabisa. Ndiyo tunahitaji damu nyingi, na tunahitaji pia ya wanawake wazima, wasioumwa, tuweke kando kando tulinganishe."

Mama, aliyekuwa amekaa kimya na mkoba mapajani, aliinua kichwa. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kituo cha kuuzia majani ya chai, lakini neno wazima alilisikia vizuri.

"Mimi ni mzima, taktari," alisema. "Chukua yangu, chukua yake. Pima zote mbili. Kama ni sawa, tunarudi nyumbani."

Akanigeukia, akaniongezea kwa Kikipsigis, polepole, ili nisije nikasema sikuelewa: zikifanana, usinisumbue tena na habari za kupasuliwa.

Nilihisi masikio yakipata moto. Beldina alitutazama, mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyekuta ng'ombe wawili mlangoni. Akamweleza mama kwamba majibu ya utafiti hayatoki hivyo, hakuna atakayerudishiwa karatasi ya kusema fulani ameshinda. Mama akasema hana haja ya karatasi, yeye damu yake anaijua. Basi Beldina akasema sawa, kwanza kuna maswali, na ni maswali ya mambo ya chini ya kitovu. Mambo hayo mama hana Kiswahili chake. Mwenzake Beldina anayejua Kikipsigis, Chepchumba, alikuwa likizo. Aliyebaki wa kutafsiri alikuwa karani wao Kiptum, kijana mpole wa Fort Ternan mwenye ndevu nzuri.

Mama alimtazama Kiptum kupitia mlango uliokuwa wazi. Akanitazama mimi.

"Huyu atatosha," alisema, akanielekeza kwa kidevu.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta katikati ya mama yangu na maswali.

"Muulize," Beldina alisema, "siku zake zikifika, anaumwa?"

Nilimuuliza. Mama alisema, "Achicha," bila hata kufikiri.

"Amesema hapana," nilisema, na nilisema kwa uchungu, maana hapana hiyo nilikuwa nimeishi nayo.

Beldina hakuandika. Aliweka kalamu chini, akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Wanawake wote wa huko kwenu Konoin hawaumwi. Wanaingia hapa, ninauliza, hapana, hapana. Kuna mmoja aliniambia haumwi huku ameshikilia huo ukuta. Mama Chepchirchir, mimi nimekua na nyinyi kwa laini. Nimewaona mkizaa kimya. Sisi kwetu mwanamke akiumwa, hata ng'ambo ya mto wanajua!"

Mama alielewa hiyo yote, akacheka kweli, mkono mdomoni. "Nyinyi munapiga kelele pure," alisema.

"Tunapiga. Na tunaletewa maji." Beldina alivuta kiti karibu. "Sasa, wacha niache kuuliza kuhusu kuumwa. Uniambie tu vile siku inaenda. Siku hizo zikifika, unaamka, unafanya nini?"

Swali hilo mama alilipenda. Kazi yake ni kitu anachoweza kukisema mbele ya mtu yeyote. Alinyoosha mgongo, akaanza, na mimi nikaanza kutafsiri, sentensi kwa sentensi. Anaamka, anakamua. Anamwandalia baba chai. Anaingia shambani kabla umande haujakauka, kama siku nyingine zote.

"Ila siku hizo," alisema, "ninafunga ile kamba hapa."

Akaweka viganja chini ya kitovu, akakaza.

Nilifungua mdomo kutafsiri, nikanyamaza. Ile kamba niliijua. Watu wote hubeba kapu la majani kwa kamba za mabegani. Mama alikuwa na kamba ya ziada, ya katani, aliyokuwa anaizungusha kiunoni na kuikaza mpaka eproni yake ya nailoni inakunjika. Nilidhani ni ya kuzuia kapu lisiyumbe kwenye mteremko. Nami nilipoanza kuchuma nilijifunga hivyo hivyo, na nilifurahi kuona inanisaidia, nisijue ni kwa nini. Wasichana wa jirani walitucheka, wakauita mtindo wa kwa Hezekiah.

"Amesema nini?" Beldina aliuliza.

Nilimwambia.

"Kamba inasaidia nini?"

"Inashikilia tumbo," nilitafsiri. "Anasema lisipofungwa linataka kuanguka chini."

"Na ikizidi?"

Ikizidi, mama alisema, anaegemea mchai. Anaulalia kwa kifua, maana mchai uliokatwa vizuri uko sawa kama meza na matawi yake hayavunjiki, anangoja ipite, anaendelea kuchuma. Kuna miezi anauegemea mmoja mmoja mstari mzima. Akienda haja kubwa siku hizo, anauma leso. Hiyo niliitafsiri nikiangalia sakafu. Watoto? Huyu ndiye mtoto. Kulikuwa na wengine, walikataa kukaa.

Mimi sikujua kwamba kulikuwa na wengine. Niliitafsiri hivyo hivyo, wengine walikataa kukaa.

Beldina aliuliza kuhusu baba, kitandani, kama kunauma. Nikamwambia hilo sitamuuliza mama yangu hata nikipewa shamba zima la chai. Basi akamuuliza mwenyewe, taratibu, kwa Kiswahili, na mama akajibu mwenyewe, akitazama dirisha.

"Baba yake ni mtu mzuri," alisema. "Ananingojea."

Mvua ya mchana ilikuwa imeanza kupiga mabati. Mama alimalizia kwa Kikipsigis, sasa akizungumza na mimi tu. Mama yake pia alikuwa hivyo hivyo, alisema. Kogo, yaani bibi yangu, alikuwa anapasha jiwe moto mekoni, analizungushia shuka kuukuu, analikumbatia, na siku hizo hakuna mtoto aliyemsogelea. Na mama yake kogo vilevile, alisikia.

"Si unaona?" aliniambia, na uso wake ulikuwa na ushindi. "Ni kawaida. Sisi sote."

Nilishindwa kutafsiri. Machozi yalikuwa yananiteremka mashavuni, na ingawa nilikuwa nimekasirika, sikujua tena nimemkasirikia nani. Beldina alinipa tishu, akangoja, na nikamweleza yaliyobaki hivyo hivyo kwa vipande. Alipoyasikia alizungumza na mama pole pole, akichagua Kiswahili chepesi.

"Mama, damu yako na ya huyu labda zinafanana. Hapo umesema ukweli. Lakini zikifanana, si kwa sababu nyinyi wawili ni wazima."

Mama alikunja uso.

"Siwezi kukuweka na wazima," Beldina aliendelea. "Nikikuweka huko, nitakuwa ninalinganisha mgonjwa na mgonjwa, halafu ninasema, aa, hakuna tofauti. Na alama tunayotafuta itatupita hivi hivi, tukiiangalia. Mimi si daktari, siwezi kukuambia uko na nini. Lakini uonane na Daktari Gichana."

"Mimi si mgonjwa," mama alisema. "Mgonjwa analala. Mimi silali."

Alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka.

Nilimkuta kwenye baraza, amesimama mahali ambapo mvua ilikuwa inarusha matone viatuni mwake. Ng'ambo ya ua, kilima cha chai kilikuwa kimefunikwa na ukungu nusu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilikuwa na mengi, niliyatunza tangu bwenini. Lakini nikamwona ameweka mikono tumboni, si kwa kuumwa, kama mtu anayepapasa kitu alichobeba siku zote ili ajue ni kitu gani.

"Yako," aliniuliza bila kugeuka, "ni ile ya kutaka kuanguka?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya mgongoni? Inayoshuka mpaka mguuni?"

"Ndiyo."

"Tangu shule?"

"Tangu shule."

Lori la majani lilipita barabarani, likazama kwenye kona.

"Nilidhani ninakufundisha," alisema. "Mimi nilifundishwa hivyo. Hakuna aliyeniambia kuna namna nyingine."

Nilisimama karibu naye mpaka bega langu likagusa la kwake, na yeye hakusogea. Kwa mama yangu, hiyo ni kukumbatiwa.

Asubuhi iliyofuata Beldina alinitoa damu kabla sijaingia chumba cha upasuaji. Mama alishika mkono wangu mwingine. Alizitazama zile chupa nyembamba zikijaa, akataka kuelezwa kila kitu: kwa nini hii ina kifuniko cha zambarau, kwa nini ile inazungushwa, inakaa wapi. Beldina akamwonyesha jinsi damu iliyozungushwa inavyojitenga, nyekundu ikilala chini na maji ya rangi ya chai nyepesi yakibaki juu. Hayo maji, alisema, ndiyo wanayoyachunguza.

"Mtapata lini hiyo alama?"

"Sijui, mama. Labda miaka. Labda haitamsaidia huyu, itasaidia watoto wake wa gredi ya pili."

Mama aliitafakari hiyo. "Chukua ya kutosha," alisema. "Huyu ana damu nyingi." Kisha akaniuliza kama kweli ninayo, na alikuwa na wasiwasi wa kweli, nikacheka mpaka Beldina akaniambia nitulie nisiitoe sindano.

Alinisindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Hakusema jikaze. Alitaka kusema kitu, nililiona neno lenyewe limefika mdomoni kwa mazoea, akalimeza. Akanifunika miguu vizuri kwa shuka.

Nilipoamka nilikuwa na kiu, na hewa waliyonijaza tumboni ilikuwa imepanda mabegani, inachoma. Daktari Gichana alikuja mchana. Alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi.

"Tumeuona," alisema. "Upo. Nyuma ya mfuko wa uzazi, na kidogo kwenye ovari ya kushoto. Madoa yake niliyoweza kuyaondoa nimeyaondoa. Mengine tutayapangia dawa. Hukuwa unajifanya, mwalimu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeweka sentensi moja ya kumwambia mama siku hii ikifika. Ilikuwa fupi: umeona sasa? Niliitafuta, sikuiona. Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda na thamosi ya chai mkononi, analia kimya, na macho yake yalikuwa kwangu, wala si kwa daktari.

Daktari alipoondoka nililala kidogo. Nilipofumbua macho, mama alikuwa anatembea kati ya kitanda changu na dirisha, anakwenda, anarudi. Alikuwa amevua leso mabegani, ameizungusha kiunoni, na alikuwa anaikaza chini ya kitovu kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa ule ninaoujua tangu utotoni, mkavu, midomo imebanwa. Nikiwa mtoto nilidhani uso huo ni wa hasira. Siku mama alipokuwa nao nilikuwa najificha kwenye banda la ndama, nikijiuliza nimemkosea nini.

"Mama," nilisema. "Njoo."

"Lala. Mimi niko sawa."

"Njoo hapa."

Nilisogea. Kusogea kuliniuma kila mahali, lakini nilisogea mpaka nikafika ukingo wa kitanda. Wageni hawaruhusiwi kupanda vitanda vya wagonjwa, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Beldina, aliyekuwa amekuja kunipima presha, aliusoma ukuta, akamsoma mama, kisha akakumbuka kuna kitu cha muhimu sana cha kuangalia dirishani.

Mama alivua viatu, akavipanga. Alipanda polepole, akalala ubavu, magoti yake yakanikuta miguuni. Sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Niliweka kiganja changu chini ya kitovu chake, juu ya lile fundo, na nikahisi tumbo lilivyokaza kama ubao. Pumzi zake zilikuwa fupi. Wodi ilikuwa imejaa: wanawake wa Kapkatet, wa Kipkelion, mama mmoja wa Kisii na binti yake, wageni wa saa ya kutazama wagonjwa. Wengine walikuwa wanatuangalia.

"Mama," nilimuuliza kwa lugha yetu, sikioni, "inauma?"

Alifumba macho. Kisha alijibu, kwa sauti kubwa, na alijibu kwa Kiswahili, ili wodi yote ielewe.

"Inauma," mama alisema. "Inauma sana."